Uzito Niliouongeza

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza. Ilikuja mchana kwa kishindo, watu wakakimbilia kwenye kibaraza changu na cha kinyozi jirani yangu, tukabanana pale tukinukiana jasho na vumbi lililolowa. Katikati yao alikuwemo kocha wa binti yangu. Yeye hakuja kujikinga, alikuja na kazi.

Magongo ya timu yake nimeyakereza mimi; sasa anataka nimkerezee binti gongo la mazoezi la besiboli, zito kidogo kuliko lile la mechi, la kumwongezea kasi ya mikono. Mwisho wa Aprili wanakuja wateuzi wa timu ya taifa ya wasichana. Kocha ni mama wa makamo, mfupi, anaongea polepole kama anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa. Alinieleza binti azungushe zito mara chache, kisha la kawaida, kisha jepesi, halafu apumzike. Asilishike zito muda mfupi kabla ya kupiga mpira, kwa sababu mikono hudanganyika: la kawaida linakuwa jepesi kama ufito, unajiona una kasi, kumbe umezubaa. Na kiganja kikimuuma, aache siku hiyohiyo.

Niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilikuwa uwanjani mwaka jana. Wateuzi walimwacha binti yangu kwa neno moja: anachelewa. Nilikuwa nyuma ya wavu nikalisikia kwa masikio yangu. Dakika chache kabla ya hapo watu walikuwa wakimshangilia, wanauliza huyu Nyundo, ndivyo wanavyomwita, ni mtoto wa nani, nami nikijibu wa kwangu, wa kwangu. Maisha yangu yote nimekereza miguu ya meza na vitanda, na hakuna aliyewahi kuuliza miguu ile ni kazi ya nani.

Mke wangu yuko kwa mama yake anamuuguza, safari ya siku nzima kwa basi. Jioni nyumba inakuwa kimya, binti yuko na vitabu vyake, ndiyo maana naandika.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Miguu ya kitanda ya fundi selemala, yote minne, imekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Gongo limetoka zuri. Nililichagulia mti mgumu uliokauka tangu mwaka jana, nikalisugua msasa mpaka likateleza kama kokoto la mtoni. Ndani ya kichwa nimetoboa tundu, nikamimina risasi iliyoyeyushwa, kiasi kilekile alichotaka kocha, nikaziba kwa kizibo cha mti uleule. Mtu asiyejua hataona pa kuziba.

Binti alitoka shule akiwa ameloa, akatupa mkoba, akalishika. Alilipima mkononi kwa macho yaliyofumbwa. Kisha akasimama katikati ya karakana, miguu imepanuka, akazungusha. Maranda yaliyokuwa sakafuni yaliruka. Akacheka, akasema, "Baba, hili linajua linakokwenda."

Sina kumbukumbu ya sifa nzuri kuliko hiyo.

Jumatatu, 11 Machi

Uwanja umekuwa bwawa. Nimesogeza mbao ukutani ili afanyie mazoezi hapa karakanani kila atokapo shule. Kinyozi ameniuliza kama nimefungua gereji ya kuvunjia watu meno.

Alhamisi, 14 Machi

Kocha alipita kumwangalia. Amesema vizuri, ila asizidishe. Alilisema mara tatu. Alipoondoka nilijiuliza kama mwaka jana pia hakuwa akituambia tusizidishe, na tukaishia wapi. Mtoto akilelewa kama yai atapiga mpira saa ngapi?

Jumapili, 17 Machi

Leo nimefanya jambo. Binti alikuwa kwa rafiki yake wakisoma. Nilifungua karakana, nikatoa kizibo, nikapanua tundu kidogo, nikamimina risasi nyingine. Nikaziba, nikapiga msasa, nikarudisha gongo ukutani. Nimeongeza kiasi cha kijiko tu. Siku ya uteuzi, gongo la kawaida litakuwa unyasi mkononi mwake.

Nitamwambia baadaye. Akijua sasa ataogopa, au atamwambia kocha.

Jumatatu, 18 Machi

Baada ya kuzungusha mara chache alisimama, akaliangalia gongo, akasema leo ni zito. Nikamwambia amechoka, jana amesoma sana. Akasema labda. Akaendelea.

Lilinitoka jepesi sana lile neno.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua kutwa. Ameshalizoea. Nimeongeza.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeongeza. Ameniuliza kama unyevu unaweza kuingia ndani ya mti ukaufanya mzito. Nikasema mti huu hauingizi maji. Hiyo ni kweli kabisa, na ndiyo iliyonikera jioni nzima, kwamba nilichagua ukweli huo mmoja.

Jumatano, 27 Machi

Kinyozi hana wateja, nani anyolewe aloweshwe kichwa? Aliingia bila hodi kuomba gundi, akanikuta na sufuria ya risasi juu ya jiko na gongo limebanwa kwenye jiliwa, kizibo kiko nje. Alitazama, akatazama tena. Nikamwambia ni mazoezi ya kitaalamu. Akasema, "Fundi, unalinenepesha gongo au unamkondesha mtoto?"

Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe. Yeye hakucheka. Alichukua gundi akaenda zake.

Jumamosi, 30 Machi

Siku mbaya. Binti alizungusha kwa muda mfupi tu, akaweka gongo chini, akakaa juu ya rundo la mbao akaanza kulia. Si mtoto wa kulia huyu. Akasema anaishiwa nguvu, mwanzoni mwa mwezi alikuwa anaweza, sasa hawezi, kila wiki anarudi nyuma. Anakula mpaka anavimbiwa, asubuhi anaamka kabla yangu kufanya mazoezi ya mikono sakafuni, na bado. Akaniuliza, "Baba, mimi naumwa? Kuna ugonjwa wa kupungua nguvu hivi?"

Nilikuwa na nafasi. Maneno yalikuwa pale mdomoni, nilihisi ladha yake. Nikaona kesho yake: ananidharau, anamwambia kocha, gongo linarudi kuwa la kitoto, na mwisho wa Aprili wanasema tena anachelewa. Nikamwambia haumwi, amezembea tu. Nikasema wachezaji wakubwa hupitia kipindi hiki, na anayekaza ndiye anayevuka.

Alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akasimama, akalichukua tena. Nilimhesabia mwenyewe, kwa sauti ya ukali, kusudi nisije nikasikia kitu kingine.

Jumapili, 31 Machi

Sikuongeza.

Jumatano, 3 Aprili

Mke wangu amepiga simu. Mama yake sasa anakaa kitako na kunywa uji. Akaniuliza Nyundo wake hajambo, nikasema anachapa kazi. Akasema amemsikia sauti imenyongea. Nikasema ni mtandao, mvua inakula sauti. Siku hizi mvua ninaisingizia kila kitu.

Jumamosi, 6 Aprili

Jua lilitoka siku mbili, uwanja ukakauka nusu. Kocha akaita mazoezi. Nilifunga karakana nikaenda.

Binti alishika gongo la mechi, uso ukamchanua. Alizungusha hewani, akanigeukia akatabasamu: jepesi! Moyo wangu ukapanda. Kisha mrushaji akaanza kurusha. Mpira wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wa tatu aliugusa kwa ubavu ukaenda nyuma. Alikuwa anafika mahali sahihi baada ya mpira kuondoka, kama mtu anayemkimbilia aliyekwisha panda basi.

Kocha alinivuta pembeni. Akauliza huyu mtoto anafanya nini nyumbani, kwa sababu mzunguko wake umebadilika, anaburuta mabega. Nikasema anafanya kama ulivyosema. Akauliza kama anazidisha. Nikasema sidhani.

Tulirudi kwa miguu. Binti alinitangulia hatua kadhaa njia nzima.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekaa na gongo lile mapajani. Nilikusudia kutoa risasi yote. Nikafikiri, nikiipunguza ghafla atajua. Atalinyanyua tu na atajua. Kwa hiyo nimeamua kupunguza kidogokidogo, kama nilivyoongeza. Nimetoa kipande kimoja kidogo. Nikajiona mtu mwema.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua imerudi. Leo amezungusha vizuri, akasema anajisikia nafuu. Alifurahi sana. Nikaona labda hatimaye anapata nguvu, labda uzito ule ni dawa, ila inahitaji muda. Sikupunguza tena.

Jumamosi, 13 Aprili

Amesema kiganja cha kushoto kinamuuma, hapa chini karibu na kifundo, pale kitako cha gongo kinapokaa. Nimemkanda kwa mafuta ya moto. Nimemwambia ni ngozi inakomaa.

Kocha alisema kikimuuma, aache. Nayaandika haya ili nisije nikajidai nilisahau.

Jumanne, 16 Aprili

Anafanya kila kitu kwa mkono wa kulia tu, mezani wa kushoto ameulaza pajani. Sikusema kitu. Yeye pia hakusema. Alizungusha.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika hii jioni.

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba mabati ya karakana yalizima sauti zote. Binti alikuja mwenyewe, sikumwita. Amebakiza wiki moja. Alifunga kitambaa kiganjani, akasema leo atafanya zamu tatu kamili. Nilikuwa nimempa mgongo, naweka patasi mahali pake. Nilisikia zamu ya kwanza ikipita, ule upepo wa gongo. Kwenye ya pili nilisikia gongo likianguka sakafuni, zito, kama gunia.

Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti, mkono ameubana katikati ya mapaja, mdomo wazi, na sauti haitoki. Nilimshika, nikamuuliza wapi, hakuweza kusema. Nikamwita kinyozi. Kinyozi alimwacha mteja na povu kichwani, akatuendesha mpaka hospitali kwenye kigari chake, na njia nzima hakunitazama hata kwenye kioo.

Daktari wa mifupa ni kijana mpole. Alimpiga picha ya mkono, akaining'iniza kwenye taa, akatuonyesha. Ndani ya kiganja kuna kifupa kidogo kama ndoano, na kitako cha gongo kilikuwa kinakigonga kila mara mpaka kimekatika. Akasema huumia hivi wachezaji wa aina hii, lakini si kwa umri wake, na si kwa gongo la kawaida. Akauliza alikuwa anatumia gongo la uzito gani.

Binti ndiye aliyejibu. Akataja uzito ule wa kocha, uzito wa siku ya kwanza. Alisema kwa uhakika, kama mtoto anayetaja jina lake. Daktari akashangaa kidogo, akaandika. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake. Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa vimejaa tope na vumbi la mbao, nikawa nayaokota maranda moja moja kwenye kamba za viatu kama hiyo ndiyo kazi iliyonipeleka pale.

Wamemfunga plasta. Hatashika gongo kwa wiki nyingi. Uteuzi umempita.

Jumapili, 21 Aprili

Nilimpelekea chai kitandani. Aliamka akakaa, akasema, "Baba, nisamehe. Umenihangaikia sana, nami nimekuangusha."

Nilimwambia anywe chai, itapoa. Nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua upande wa choo mpaka nikatota.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikusema.

Jumanne, 23 Aprili

Sikusema. Mke wangu amepiga simu, amelia. Amenishukuru kwamba nilikuwa karibu na mtoto alipoumia.

Alhamisi, 25 Aprili

Kinyozi alisimama mlangoni mwangu, wembe mkononi, akasema, "Usipomwambia wewe, sitamwambia mimi. Lakini nywele zako utafute pa kukatia."

Jumamosi, 27 Aprili

Siku ya uteuzi. Nilidhani atabaki ndani, lakini alivaa jezi yake, akapitisha plasta kwenye mkono wa jezi kwa shida, akasema anakwenda kuwashangilia wenzake. Nilimfuata na mwavuli.

Mvua ya rasharasha. Wateuzi walikaa chini ya turubai. Wasichana walipiga mmoja mmoja, na kila aliyepiga vizuri binti yangu aliruka akipiga paja kwa mkono mmoja, kwa kuwa kupiga makofi hakuwezekani. Wawili wamechaguliwa. Mmoja wao mwaka jana alikuwa hamkaribii hata kidogo.

Baada ya wateuzi kuondoka kocha aliwakusanya wasichana, nami nikiwa nyuma na mwavuli wangu juu ya kichwa cha binti. Aliwasifu, kisha sauti ikabadilika. Akasema Nyundo leo angekuwa wa kwanza kuitwa. Akasema alimpa maelekezo yaliyo wazi, na Nyundo akajiona anajua zaidi, akazidisha, na akaficha maumivu. "Mwangalieni vizuri," akasema. "Mkono ule ni kazi ya ukaidi."

Wasichana wote wakamwangalia. Binti yangu aliinamisha kichwa akasema, "Nisamehe, kocha."

Nami nilishika mwavuli. Hilo ndilo nililofanya. Niliushika vizuri, asilowe.

Jumapili, 28 Aprili

Nimemwambia.

Nilimwomba tuende karakanani. Maduka ya barabara nzima yalikuwa yamefungwa, mvua imekatika. Nilibana gongo kwenye jiliwa, nikachukua msumeno nikakata kichwa. Nilikata polepole. Katikati ya mti ilionekana duara ya kijivu, pana kama kifuniko cha chupa, msumeno ukakwama hapo. Nikamalizia kwa kuvunja.

Alisogea akaigusa kwa kidole.

"Hii ni nini?"

"Risasi."

"Si uliniambia ipo? Kocha aliagiza."

"Aliagiza kidogo. Hii nyingine nimeweka mimi."

"Lini?"

"Tangu katikati ya Machi. Nilikuwa naongeza usipokuwepo."

Nilimwona akirudi nyuma kichwani, siku baada ya siku, anafungua kila mlango na kuchungulia. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Siku ile nilipokuuliza kama naumwa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Uliponiambia nimezembea?"

"Nilikuwa najua."

"Na jana? Kocha alipokuwa anasema?"

Niliitikia kwa kichwa.

Alikichukua kile kipande cha kichwa kwa mkono wake mzima, akakipimapima. Nilitegemea matusi. Hata kofi, ningelipokea. Akasema, "Kwa hiyo sikuwa nadhoofika."

"Hukudhoofika hata siku moja, mwanangu. Ulikuwa unanyanyua zaidi kila wiki."

"Ungeniambia, ningelibeba," akasema. "Ungesema tu, leo nimeongeza. Ningelibeba, baba. Na lingenishinda, ningesema limenishinda."

Akakiweka kile kipande juu ya meza, akarudi nyumbani, akampigia mama yake simu yeye mwenyewe. Nilikaa karakanani mpaka giza lilipoingia. Si kwamba nilikuwa na kazi.

Jumanne, 30 Aprili

Amepanda basi la asubuhi kwenda kwa mama yake na bibi yake. Nilimbebea begi mpaka kituoni. Alisema ahsante, kama mtu anavyomwambia mpagazi.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua. Nimekereza vishikio vya milango. Vibaya.

Jumatano, 8 Mei

Mke wangu amepiga. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. Alisema alikuwa anamwogesha mama yake huku moyo umetulia kwa sababu mtoto yuko kwa baba yake. Kisha akasema binti ana neno moja tu: alikemewa mbele ya wenzake, na wenzake bado wanaamini. Hatarudi mpaka waliosikia lile wasikie hili. Nisitume ujumbe. Niende mwenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Nimetafuta visingizio vyote. Nimefikiria kumwambia kocha pembeni, yeye awaambie. Nimefikiria kusema nilikosea vipimo. Ajabu ni jinsi uongo unavyokuja umeshavaa na viatu, tayari kutoka.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda.

Wasichana walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao kando ya uwanja, nyasi zimelowa. Nilimwambia kocha kwanza, maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, rangi ikamtoka usoni. Nafikiri alikuwa anakumbuka alichosema siku ya uteuzi. Akasema, "Haya. Waambie kama ulivyoniambia."

Nilisimama mbele yao. Nilisema mimi ni baba yake Nyundo, ingawa wananijua. Nikasema Nyundo hakuzidisha mazoezi, hakukaidi. Mimi nilimwongezea uzito ndani ya gongo kwa siri, na aliposema zito nikamwambia amechoka, na aliposema anaishiwa nguvu nikamwambia amezembea, na aliposema anaumia nikamwambia ngozi inakomaa, na kocha aliponiuliza nikamdanganya. Sauti ilinipotea njiani mara mbili. Hakuna aliyenisaidia kuitafuta.

Mdakaji wao, msichana mwembamba mwenye miwani, alinyoosha mkono kama yuko darasani.

"Kwa nini ulifanya hivyo, baba?"

Nilianza kusema nilitaka afaulu. Nikaona macho ya kocha, nikaacha. Nikasema, "Nilitaka watu waniulize tena ni mtoto wa nani."

Kisha yule mdakaji akalitazama gongo lililokuwa miguuni pake, gongo nililomtengenezea mimi mwaka juzi, akauliza, "Na haya yetu, hayana kitu ndani?"

Wote wakaanza kuyaangalia magongo yao. Wanayanyanyua, wanayageuza, wanayagonga kwa vidole karibu na sikio. Nikasema hayana kitu, naapa. Kocha akasema kwa upole kwamba yatakusanywa yote yakapimwe, na kwa sasa watatumia yale ya zamani.

Nilisaidia kuyakusanya. Niliyabeba mpaka kwenye gari lake kama kuni.

Jumapili, 12 Mei

Nimelala mchana kutwa. Si usingizi hasa.

Jumamosi, 18 Mei

Magongo yamepimwa na fundi mwingine. Hayana kitu. Kocha amenijulisha hivyo kwa simu. Akasema pia kwamba kuanzia sasa ataagiza kwa huyo mwingine, na kwamba naelewa sababu. Nikasema naelewa. Kisha akasema amempigia binti na kumwomba radhi. Amenizidi hata hapo. Mimi kuwaambia tu kulinichukua wiki mbili.

Kinyozi amenikata nywele.

Jumapili, 26 Mei

Wamerudi wote wawili, mke wangu na binti. Mama mkwe sasa anatembea kwa mkongojo. Mke wangu aliingia, akazunguka nyumba akitazama kona, akaanza kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Binti alinisalimu, "Shikamoo, baba," nikaitikia. Anakula mezani nasi. Hajakanyaga karakanani.

Jumatano, 5 Juni

Plasta imetolewa. Mkono umekonda, umepauka. Daktari amempa kijipira cha kuminya. Nakisikia kutoka chumba cha pili, kinaminywa na kuachiwa. Mke wangu amenikataza kumuuliza maendeleo. "Akitaka atakwambia," amesema.

Jumatatu, 10 Juni

Leo mke wangu amecheka, nilipomwaga chai kwenye suruali. Ilimtoka kwa bahati mbaya, nadhani.

Jumamosi, 22 Juni

Hakuna mvua siku ya kumi sasa. Barabara imekauka, kinyozi ametoa kiti chake nje.

Wiki iliyopita binti alisimama mlangoni mwa karakana, kwa mara ya kwanza. Hakuingia. Alisema anahitaji gongo la mechi, la uzito wa kawaida, shikio lenye kitako kipana zaidi ili kisimgonge pale palipovunjika. Nikamwambia kocha ana fundi mwingine sasa. Akasema anajua. Sikumuuliza zaidi.

Leo lilikuwa tayari. Alikuja amekumbatia mizani aliyoazima kwa muuza nyama, akaiweka mezani, akaifuta kwa kitambaa. Akalaza gongo juu yake. Akainama, akasoma. Akaligeuza, akasoma tena. Akasema limezidi kidogo.

Nililirudisha kwenye mashine, nikalipunguza mbele yake. Hakuondoa macho kwenye mikono yangu. Akalipima tena, akakubali kwa kichwa. Kisha akapitisha kucha kwenye kichwa cha gongo, mzunguko mzima, taratibu, akitafuta mahali pa kuziba. Nilikuwa nimesimama pembeni kama mtu anayepekuliwa mpakani. Sikuona vibaya. Ningeshtuka kama asingefanya.

Alipomaliza akauliza kama anaweza kujaribu humu ndani. Nikasema hapa ni kwake, nikaanza kusogeza mbao ukutani.

"Nenda kwa kinyozi," akasema. "Nikimaliza nitakuita."

Nilitoka. Kinyozi alinisukumia kiti, tukakaa juani tukiangalia barabara. Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa, haukufungwa. Kwa muda sikusikia kitu. Kisha nikasikia upepo wa gongo, mara moja, ukafuatiwa na kimya kirefu. Kisha tena.

Kinyozi aliuliza anaendeleaje. Nikamwambia sijui, sijaitwa.